Uzito wa ndege kwenye simuleta: ndege ikikusumbua hewani, anza na mizani kabla ya joistiki

Mizani_ya_Anga (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kila baada ya muda hujitokeza mtu humu akilalamika kwamba ndege yake kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege, haina uzito: inaacha ardhi kabla ya wakati, pua inapanda kwa kuguswa tu, na wakati wa kutua inaelea juu ya njia ya kurukia mpaka njia inakaribia kwisha. Majibu anayopewa huwa ni yale yale, yaani apunguze wepesi wa joistiki, anunue usukani wa bei mbaya, au ahamie simuleta nyingine. Kwa maoni yangu, mara nyingi tatizo liko mahali ambapo hakuna aliyepatazama, napo ni ule ukurasa wa mafuta na mzigo ambao wengi wetu huupita mbio ili tukawashe injini.

Uzito wa ndege ni maswali matatu, na ni vizuri kuyatenganisha tangu mwanzo. Ndege ina uzito kiasi gani kwa jumla? Uzito huo umekaa wapi kati ya pua na mkia? Na umetawanyika vipi kutoka katikati? Jibu la kwanza huamua kasi zote unazoziona kwenye kioo, kuanzia ya kuruka hadi ya kutua. La pili huamua tabia ya pua. La tatu, ambalo wanafizikia huliita inesha, huamua jinsi ndege inavyochelewa kuanza kugeuka na inavyochelewa kuacha. Anayetaka kuponya tatizo la tatu kwa kuchezea namba za kwanza ataharibu vyote viwili, na nitalirudia hili kwa sababu ndilo ninaloliona likishauriwa kila mahali.

Nianze na ndege kubwa, kwa kuwa huko ndiko tofauti inakoonekana waziwazi. Chukua Boeing 737-800 ukaruke nayo kutoka Nairobi hadi Mombasa, safari ambayo Kenya Airways huifanya kwa aina hiyo hiyo ya ndege. Uzito wake mtupu wa kiutendaji ni takriban tani 41.4. Weka abiria 150, na kwa kila mmoja uhesabu kilo 97, yaani kilo 84 ambazo kanuni za Ulaya huzitumia kama wastani wa mtu mzima na kilo 13 za begi lake. Bila mafuta umefika tani 56. Safari yenyewe haifiki hata saa moja, kwa hiyo tani sita na nusu za mafuta zinatosha pamoja na akiba. Utaruka ukiwa na tani 62.5 na kutua ukiwa na karibu tani 60, na ndege itafanya kile ambacho umewaona marubani wakikifanya kwenye video.

Sasa fanya kile ambacho wengi hufanya, yaani vuta kitelezi cha mafuta hadi asilimia 100 ili "yasiishe njiani". Matangi ya 737-800 hubeba karibu tani 20.9. Utaondoka Nairobi ukiwa na tani 76.9, uzito ambao bado uko chini ya kikomo cha kuruka cha tani 79, kwa hiyo simuleta haitakulalamikia. Lakini kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, na ndege itakula njia ndefu mno kabla ya kuinuka. Ukifika Mombasa bado una tani 74 na ushee, ilhali kikomo cha kutua ni tani 66.4. Umezidisha karibu tani 8. Kasi ya kukaribia kutua hupanda kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito, na kwa hesabu hiyo unapaswa kuja kwa kasi iliyozidi ya kawaida kwa asilimia 11. Kama umekariri kasi moja kutoka kwenye video na kuitumia siku zote, utakuja na pua iliyoinuka kupita kiasi, ndege itazama kila ukipunguza nguvu ya injini, kisha utaandika humu kwamba ndege imetengenezwa vibaya. Atakayeruka na matangi yakiwa karibu matupu na viti bila watu atapata kinyume chake na kulalamika kwamba inaelea. Ndege ni ile ile kwa wote wawili.

Kwa ndege za namna hii sina mengi ya kuongeza. SimBrief ni huduma ya bure, nayo itakupa uzito bila mafuta na mafuta ya safari kwa njia yoyote unayotaka. Chukua namba zake uziingize kwenye ukurasa wa mzigo, na tatizo limekwisha kwa sehemu kubwa. Ila hakikisha umezima ule msaada wa mafuta yasiyokwisha, kwa sababu ukiwashwa ndege haipungui uzito hata ukiruka saa kumi, na utatua ukiwa na uzito ule ule uliorukia.

Ndege ndogo ndizo zenye utamu wa hesabu, na Cessna 172S ndiyo mfano mzuri kwa kuwa karibu kila simuleta inayo na kitabu chake cha mwongozo kinajulikana. Kikomo chake cha uzito ni paundi 2,550, ambazo ni kilo 1,157. Mafuta yanayotumika ni galoni 53 za Kimarekani, na kila galoni ya petroli ya ndege ina paundi 6, hivyo matangi yakijaa ni paundi 318. Tuseme ndege yako ikiwa tupu ina paundi 1,680, na kitovu chake cha uzito, yaani nukta ambapo uzito wote unasawazika, kiko inchi 40.5 nyuma ya ukuta wa injini, ambako ndiko vipimo vya ndege hii huanzia. Viti vya mbele viko inchi 37, mafuta inchi 48, viti vya nyuma inchi 73, na sehemu ya kwanza ya mizigo inchi 95.

Pakia watu wazima wanne wa paundi 170 kila mmoja na ujaze matangi. Jumla inakuja paundi 2,678, na umezidisha paundi 128 kabla hujaweka hata begi moja. Hii ndiyo sababu ndege yenye viti vinne si lazima iwe ndege ya watu wanne, jambo ambalo simuleta nyingi zitakuruhusu ulipuuze bila kukuambia neno. Punguza mafuta hadi galoni 31, na jumla inashuka kuwa paundi 2,546. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, jumlisha, gawanya kwa uzito wote: kitovu kinaangukia inchi 44.9. Mipaka kwa uzito huo ni inchi 41 mbele na 47.3 nyuma, kwa hiyo uko ndani.

Rudia hesabu hiyo hiyo ukiwa peke yako na matangi yamejaa. Uzito ni paundi 2,168 na kitovu kiko inchi 41.3. Kati ya safari hizi mbili kitovu kimehama zaidi ya inchi tatu na nusu, karibu sentimita 9, na utaisikia mikononi. Ukiwa peke yako pua inataka nguvu zaidi kuinuka, ndege inashikilia kasi uliyoipangia trimu (kidhibiti kinachoishikilia pua bila mkono wako), na ukiachia usukani inarudi yenyewe. Ukiwa na watu nyuma eleveta (kisukani cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) inakuwa nyepesi, trimu ya kurukia inabadilika, na ndege inahitaji jicho la karibu zaidi. Mtu aliyerekebisha joistiki yake ili imfae katika hali ya kwanza ataiona ya pili kuwa na wazimu, kumbe ndege inafanya kazi yake sawasawa.

Jaribu vyote viwili kwenye kiwanja cha Wilson, Nairobi, kilichoko futi 5,536. Siku ya nyuzijoto 25 hewa ya pale ni nyepesi kama ile ya futi 8,000 katika hali ya hewa sanifu, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) inakuwa imepoteza kiasi cha robo ya nguvu zake. Mwendo wa kupanda, ambao karibu na usawa wa bahari ni futi 730 kwa dakika ndege ikiwa imejaa, unabaki takriban nusu. Ikiwa 172 yako iliyojaa inapaa kutoka Wilson kwa kasi ile ile ya Mombasa, angalia kwanza kama mzigo uliouandika umekubaliwa, kwa sababu kuna simuleta zinazorudisha mzigo wa mwanzo kila ukianza safari upya.

Baada ya hapo ndipo mtu anaweza kufikiria kufungua mafaili. Nitaeleza nikiulizwa, kwa sababu si kila mtu anahitaji kufika huko.

Kipanga_254

Mkuu, nashukuru kwa maelezo, lakini nina pingamizi. Ninatumia Microsoft Flight Simulator, na 172 ilikuwa inanirukaruka hewani na kuitikia kila mguso. Nilifungua faili la flight_model.cfg, nikaongeza uzito mtupu kwa paundi 300, na tangu hapo imetulia vizuri sana. Unasema hilo ni kuharibu, ilhali mimi naona matokeo. Kwa nini nisiwashauri wengine wafanye hivyo hivyo?

Mizani_ya_Anga

Ndugu Kipanga, ulichokihisi si ndoto. Ndege nzito juu ya bawa lile lile hairushwi na upepo kama ndege nyepesi, kwa hiyo katika hewa yenye misukosuko lazima umeona imetulia. Tatizo ni gharama yake. Ukiwa peke yako na matangi yamejaa ulikuwa na paundi 2,168, sasa una 2,468. Kasi ambayo mabawa huishiwa nguvu ya kuinua, yaani stoli, imepanda kwa karibu asilimia 7. Ukitaka kumpakia abiria mmoja wa mbele tu, tayari umepita kikomo cha paundi 2,550. Umbali wa kuruka, mwendo wa kupanda na kasi ya kutua vyote vimeacha kulingana na kitabu, na huna tena kipimo cha kujua kama simuleta inasema kweli.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba hukuongeza inesha. Katika faili hilo, ndani ya sehemu ya WEIGHT_AND_BALANCE, uzito mtupu una mstari wake, na inesha ina mistari yake mingine: empty_weight_pitch_MOI kwa kuinua na kushusha pua, empty_weight_roll_MOI kwa kulala upande, na empty_weight_yaw_MOI kwa kugeuza pua kushoto na kulia. Ukiongeza wa kwanza, hii mingine hubaki ilivyoandikwa. Na kwa kuwa sasa unalazimika kuruka kwa kasi kubwa zaidi ili usianguke, hewa inapiga eleveta kwa nguvu zaidi: kasi ikipanda asilimia 7, nguvu ya hewa hupanda karibu asilimia 14. Maana yake ni kwamba ule mguso uliokuwa unaukimbia umeukaribisha tena kwa mlango wa nyuma.

Anayetaka kuelewa inesha amfikirie mchukuzi wa maji mwenye mzega begani. Ndoo mbili zikisogezwa karibu na bega, anageuka bila shida. Zikiwa kwenye ncha za mti, uzito ni ule ule lakini akitaka kugeuka mti unamgomea, na ukishaanza kuzunguka hausimami upesi. Ndege yenye mafuta kwenye ncha za mabawa na ndege yenye mafuta tumboni hutofautiana vivyo hivyo hata kama mizani inasoma sawa.

Kwa Cessna ndogo ya injini moja yenye bawa la juu, namba zinazotumika sana ni 948 kwa kulala upande, 1,346 kwa pua kupanda na kushuka, na 1,967 kwa kugeuka kushoto na kulia, zote katika kipimo cha slagi (kipimo cha masi) mara futi za mraba. Tazama mpangilio wake: ya kugeuka ndiyo kubwa kuliko zote, na bado haifikii jumla ya nyingine mbili. Hiyo ni sheria ya maumbile kwa kitu chochote kigumu, kwamba hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoweza kuzidi jumla ya mbili zilizobaki. Ukipakua ndege ya bure kutoka mtandaoni ukakuta sheria hiyo imevunjwa, ujue aliyeitengeneza alikuwa anabahatisha, na ukimbie.

Rudisha uzito wako mtupu ulivyokuwa. Weka nakala ya faili pembeni. Kisha ongeza inesha ya pua pekee kwa asilimia 10 au 15, ruka, sikiliza mikono yako, na usibadilishe kitu kingine chochote katika jaribio hilo hilo.

Kuhusu kulala upande kuna jambo la kuangalia. Bawa refu lenyewe hupinga ndege kulala, kwa sababu upande unaoshuka hukutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi na kusukumwa juu. Kwa hiyo ikiwa ndege yako inabingirika kwa kasi isiyo ya kawaida muda wote ulioshikilia usukani, inesha haitakusaidia, kwani yenyewe hugusa mwanzo na mwisho wa mwendo tu. Hapo tatizo liko kwenye nguvu ya visukani vya bawa au kwenye ule upinzani wa bawa, na hiyo ni mistari mingine kabisa.

Mwana_Makumbusho

Nimejaribu kupima uzito wa ndege yangu kwa kasi ya stoli. Kitabu cha 172S kinasema noti 48 bila flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) katika uzito wa juu, yaani maili 48 za baharini kwa saa. Nimepakia mpaka paundi 2,550 kamili, nimepunguza nguvu taratibu, na ndege yangu imeanguka kwenye noti 53. Ina maana uzito umezidishwa kwa siri?

Rula_na_Penseli

Naomba nimjibu mwenzetu, kwa kuwa swali hili huwatatiza wengi. Hapana, ndege yako huenda iko sahihi kabisa. Noti 48 ni kasi inayosomwa kwenye saa ya ndege halisi, na saa hiyo hudanganya ndege inapokuwa imeinua pua sana, kwa sababu mrija unaopokea hewa hauelekei tena moja kwa moja mbele. Kitabu hicho hicho kina jedwali la masahihisho, na humo kasi ya stoli iliyosahihishwa bila flapu ni noti 53. Kwa flapu zote, saa inasoma 40 ilhali kasi iliyosahihishwa ni 48. Simuleta nyingi haziigizi udanganyifu huo wa mrija, kwa hiyo ukipata 53 bila flapu na 48 ukiwa na flapu, mtengenezaji amefanya kazi nzuri. Mwenye kuiona namba hiyo akakimbilia kupunguza uzito mpaka saa isome 48 atakuwa amelazimika kuondoa karibu paundi 460, na ndege itakayobaki haitakuwa 172 tena.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni uwiano. Kitabu kinatoa kasi ya juu ya kuruka katika misukosuko kwa uzito wa aina tatu: noti 105 kwa paundi 2,550, noti 98 kwa 2,200 na noti 90 kwa 1,900. Piga hesabu ya kipeuo cha pili kati yake utaona inakubaliana. Stoli ya simuleta yako inapaswa kushuka kwa uwiano huo huo ukipunguza mzigo. Ikibaki palepale, basi mzigo unaouandika haufiki kwenye injini ya fizikia, yaani sehemu ya programu inayokokotoa mwendo wa ndege, na hilo ndilo la kulalamikia.

Begi_Laini

Mimi si mtaalamu wa mafaili, ila nimeona jinsi ndege ndogo za abiria za Cessna Caravan zinavyopakiwa kwenye viwanja vya mbugani, na nadhani linahusika hapa. Wageni wa safari za Serengeti na Maasai Mara huambiwa waje na kilo 15 tu, tena katika begi laini lisilo na fremu, na wengi hudhani kampuni zinabana matumizi. Kumbe begi laini linaingia kwenye kabati la chini ya tumbo la ndege, ambako linakaa karibu na katikati, badala ya kurundikwa nyuma ya viti vya mwisho. Na mizigo inapopakiwa kupitia mlango wa nyuma kabla watu wa mbele hawajakaa, mkia huwekewa nguzo, kwa sababu ndege hiyo inaweza kukaa kitako.

Ndugu zangu wanaoruka na ile Grand Caravan EX ya kwenye simuleta, hebu pigeni hesabu. Kikomo ni paundi 8,807. Tuchukue uzito mtupu pamoja na viti kuwa 5,200, marubani wawili 400, na abiria 12 wenye paundi 218 kila mmoja pamoja na begi lake. Umefika 8,216, na nafasi iliyobaki kwa mafuta ni paundi 591, sawa na galoni 88 hivi, ambazo ni chini ya saa moja na nusu ya kuruka. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja inatosha na kubaki. Lakini wengi hujaza matangi yote, paundi 2,224, wakawaacha abiria wote ndani, halafu wanashangaa kwa nini njia ya vumbi haiwatoshi. Hapo wamezidisha kilo 740.

Mizani_ya_Anga

Ndugu Begi Laini, mfano huu ni bora kuliko wangu. Niongeze tu kwamba kwenye ukurasa wa mzigo wa ndege hiyo, kabati la chini lina kisanduku chake. Ukiyahamishia humo mabegi yote uliyoyaweka kwenye kisanduku cha nyuma kabisa, utaona asilimia ya kitovu ikisogea mbele papo hapo bila uzito kubadilika hata paundi moja. Kisha ruka na mpangilio wa kwanza na wa pili kwa trimu ile ile. Hakuna maelezo yangu yatakayofundisha kama pua ya ndege hiyo ikiinuka yenyewe katikati ya njia.

Laptopu_Chakavu

Wakuu, sisi wenye kompyuta dhaifu tunaotumia FlightGear, ile simuleta ya bure, mmetusahau. Nimejaribu kusogeza abiria wa nyuma kwenye faili la ndege nikitumia namba za uzi mmoja wa watu wa Microsoft, na ndege imeinama pua mpaka haitaki kuruka. Namba zilikuwa sahihi, kwa sababu nimezihakiki.

Rula_na_Penseli

Namba ni sahihi, alama ndiyo imekugeukia. Katika simuleta za Microsoft, umbali wa kwenda mbele ya nukta ya rejea ni chanya na wa kwenda nyuma ni hasi, tena kwa futi. Katika JSBSim, ambayo ni moja ya injini za fizikia za FlightGear, umbali huongezeka kuelekea mkiani, na mafaili mengi huandikwa kwa inchi. Abiria uliyemwandikia hasi ili akae nyuma umemketisha mbele ya nukta ya rejea. Katika faili hilo tafuta sehemu ya mass_balance, ambamo utakuta inesha tatu, uzito mtupu, mahali pa kitovu, na kila abiria akiwa mzigo wa nukta moja wenye mahali pake. Badilisha alama na kipimo, na itanyanyuka. Kwa safari za kawaida, hata hivyo, huhitaji kufungua faili lolote, kwa kuwa menyu ya mafuta na mzigo inakupa visanduku hivyo hivyo.

Wanaotumia simuleta ya X-Plane nao wana lao la kukumbuka. Katika Plane Maker, programu yake ya kutengenezea ndege, inesha haiandikwi moja kwa moja, bali huandikwa umbali wa wastani wa mtawanyiko kutoka kwenye kitovu, na programu yenyewe huzidisha mraba wake kwa masi. Kwa namba za Cessna alizozitaja mwanzisha uzi, katika uzito wa paundi 2,650, umbali huo ni kama futi 3.4 kwa kulala upande, 4 kwa pua, na 4.9 kwa kugeuka. Kwa hiyo kule ukiongeza uzito, inesha nayo hupanda, na ushauri wa kaka Kipanga ungeleta matokeo tofauti kidogo na yale ya Microsoft. Ndiyo maana mapishi ya simuleta moja hayahamishwi kwenda nyingine bila kuyahesabu upya. Tena katika X-Plane 11 kitovu kina kitelezi chake mbali na mzigo: ukiongeza watu bila kukigusa, kitovu hakihami.

Msafiri_wa_Ghuba

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya michezo tu, someni habari za Emirates namba 407 ya tarehe 20 Machi 2009, iliyokuwa ikitoka Melbourne kwenda Dubai. Uzito wa kuruka uliokusudiwa kuingizwa kwa Airbus A340-500 hiyo ulikuwa tani 362.9, lakini kwenye kompyuta ya kukokotoa nguvu ya injini na kasi za kuruka iliingizwa 262.9. Tarakimu moja. Mkia uliburuzika kwenye njia, ndege ikaipita ncha ya njia na kugonga vifaa vya mwisho wa kiwanja kabla ya kupanda. Ilirudi na kutua salama bila mtu kufa. Kwenye simuleta yenye A340 au A330 unaweza kujaribu jambo hilo: pakia ndege kikamilifu, lakini uipe kompyuta yake uzito uliopungua tani 100, na uzitumie kasi itakazokupa. Utaona jinsi pua inavyopanda huku magurudumu yakigoma kuacha ardhi.

Kipanga_254

Nimerudisha uzito mtupu ulivyokuwa na kuongeza inesha ya pua kwa asilimia 12. Kuruka peke yangu sasa kuna utulivu nilioutaka, na stoli iko pale ilipotajwa. Kimebaki kimoja: nikipakia watu wawili nyuma, bado naona eleveta ni nyepesi kuliko ninavyopenda.

Mizani_ya_Anga

Hiyo iache. Kitovu chako kiko karibu na inchi 45, na ndivyo ndege hiyo inavyopaswa kuwa ikiwa imebeba watu nyuma. Kama mkono bado unakataa, sasa ndiyo zamu ya joistiki: ipe mkunjo laini katikati ili miguso midogo ifike kidogo kidogo, na usiguse mistari ya elevator_effectiveness wala pitch_stability, kwa sababu hiyo itabadilisha ndege pia ukiwa peke yako. Kisha ukapime umbali wa kutua kwa mizigo yote miwili ulinganishe na jedwali la kitabu. Ukipata tofauti kubwa, weka namba zako hapa tuziangalie.